Matone ya Balozi

Siku Letisia alipomwamkia punda, kijiji kizima kilipata habari kabla ng'ombe hawajarudi malishoni.

Ilikuwa hivi. Alikuwa anatoka kisimani na ndoo kichwani, na mbele yake, kwenye njia inayopanda kwa baba mkwe wake, akaona kitu kimesimama, cha kijivu, kimejitanda blanketi. Baba mkwe wake, Mzee Hhando, alikuwa na blanketi la kijivu, tena alikuwa na tabia ya kusimama njiani kungoja kuamkiwa. Letisia akatua ndoo, akapiga goti kidogo kama inavyotakiwa, akasema, "Shikamoo, baba." Kimya. Akarudia kwa sauti zaidi, maana mzee hakupenda kuamkiwa kwa kunong'onezwa. Kile kitu kikatikisa masikio. Alikuwa punda wa Severine, kabebeshwa gunia la mahindi na kufunikwa blanketi mzigo usilowe. Na Mzee Hhando mwenyewe alikuwa amekaa juu ya jiwe kando ya njia, ameona yote na kusikia yote.

Hakuitikia marahaba. Alisema, "Haya, na mimi niamkie basi, hata kama nimekuwa wa pili."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na Letisia akacheka nao. Mtu mwenye jicho moja kijijini hujifunza kuwahi kucheka kabla ya wenzake. Jicho lake la kushoto liliondoka na surua tangu utotoni, na watoto wa shule walishamwita chongo mpaka wakachoka wenyewe. Lakini sasa lilikuwa ni hili la kulia, hili la pekee. Tangu msimu wa kupanda lilikuwa jekundu, linawasha, na kila kitu akikitazama kilikuwa kama kiko ndani ya ukungu. Alipofika nyumbani alichukua kipande cha kioo, akalisogeza jicho karibu kabisa, akaviona vijishipa vyekundu vimetoka kwenye weupe wa jicho vinapanda juu ya cheusi chake. Akaweka kioo chini akalia.

"Yoakimu," alimwambia mumewe, "naogopa. Hili nalo likienda, mimi nimekwisha. Nitabaki kushikwa mkono kwenda chooni."

Yoakimu alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mtu mwema kweli, hampigi mke, hanywi kupita kiasi, ila akiona watu watano wamekaa pamoja alidhani ni mkutano. Siku ile hakuhutubia. Alimshika mkewe bega, na kesho yake wakapanda basi kwenda hospitali ya Haydom.

*

Daktari alimulika jicho lile kwa taa yake, akatazama sana, akasema maneno machache ya Kizungu. Nesi Getruda, mama mnene wa Kihaya aliyehamishiwa huku tangu uhuru na kuzoea baridi kwa shingo upande, ndiye aliyeyarefusha.

"Mama, sikiliza. Mbele ya jicho pana kioo, ndicho kinachopitisha mwanga. Kioo hiki hakina mishipa ya damu hata kidogo, ndiyo maana unaona. Sasa wewe ulikuwa na trakoma. Ile dawa ya kupaka uliyopewa mwaka jana imeiua, lakini kioo kilishakwaruzwa, na mishipa imeota pembeni inatambaa kuja katikati. Umeshaona maboga yanavyotambaa mpaka shamba la jirani? Ndivyo hivyo. Ikifika katikati huoni tena."

"Sasa mnaing'oa?" Yoakimu aliuliza.

"Haing'olewi, baba. Inanyimwa nguvu. Matone haya yanaizuia isiote zaidi, na ile iliyokwisha kuota inanywea." Akampa Letisia vichupa viwili vidogo. "Asubuhi, mchana, jioni, na ukienda kulala. Usiache ghafla hata ukijiona umepona, atakayepunguza ni daktari. Na usimpe mtu mwingine, hata tone. Dawa hii ni kali. Wewe itakusaidia, lakini ikiingia kwenye jicho lenye kidonda, kidonda kinakula jicho na mtu anapofuka. Baba, umesikia?"

"Nimesikia, nesi," alisema Yoakimu. Alikuwa amesikia kweli, lakini Letisia alimjua mumewe, akajua kwamba tayari anapanga namna ya kulieleza jambo hili mkutanoni.

*

Inabidi kwanza ijulikane habari ya baiskeli. Severine, yule mwenye punda, aliuza fahali akanunua baiskeli mpya. Hakumaliza nayo hata wiki. Yoakimu alisimama mkutanoni akatoa hotuba ambayo watu waliisifu hadi Masakta: kwamba katika kijiji cha ujamaa hakuna changu wala chako, kwamba mtu hawezi kupita juu ya magurudumu huku ndugu zake wanatembea kwa miguu. Watu walipiga makofi, baiskeli ikawa ya kijiji. Sasa ilikuwa imelala nyuma ya ghala la ngano bila mnyororo, kuku wanatagia chini yake. Severine hakuwahi kusema neno. Alikuwa anangoja.

Basi kwenye mkutano uliofuata baada ya safari ya Haydom, Yoakimu akashindwa kujizuia. Aliwaeleza watu habari za kioo cha jicho, mishipa, maboga, na dawa inayoizuia mishipa isiote. "Ndugu zangu," alisema, "elimu imetufikia mpaka huku!" Letisia, aliyekaa na wanawake wenzake, alitamani ardhi ipasuke aingie.

Severine akasimama polepole. "Uhuru!"

"Na kazi!" watu wakaitikia.

"Mimi nina swali dogo tu kwa ndugu balozi. Hiyo dawa ni ya mtu au ni ya kijiji?"

Yoakimu alikohoa. "Ni ya… ni ya mgonjwa."

"Na baiskeli ilikuwa ya nani?"

Watu wakaangua kicheko. Efrazia, jirani yao, mama wa watoto wenye macho ya kunata matongo mwaka mzima, akadakia, "Kweli kabisa! Macho yanatuuma sote. Au macho ya nyumbani kwa balozi yana cheo?"

Mzee Cornel, mwenyekiti wa kijiji, alipenda mikutano inayokwisha kabla ya saa ya kukamua ng'ombe. "Maneno yametosha," alisema. "Dawa ya macho iwe ya wote, itolewe hapa ghalani kila asubuhi, na balozi mwenyewe ndiye awatilie watu. Wanaokubali wanyoshe mikono."

Mikono ikapanda kama mahindi. Na Letisia, kwa jicho lake lile lile bovu, aliuona mkono wa mumewe nao uko juu.

*

"Umenyosha mkono!" alimfokea walipofika nyumbani. "Yoakimu, umepiga kura ya kunipofusha!"

"Mkono ulinyoka wenyewe. Ni mazoea."

"Jicho nililobaki nalo ni hili. Wewe unalo la akiba, mimi sina."

Yoakimu alikaa juu ya kigoda, kichwa mikononi. Alimpenda mkewe, jamani, hilo lisitiliwe shaka. Lakini angesimamaje mbele ya watu aliowanyang'anya baiskeli kwa maneno matamu, awaambie kwamba yeye chake ni chake? Na angewatiliaje dawa ambayo nesi alisema inapofusha? Aliona njia zote zimezibwa, machozi yakamlengalenga.

Letisia alipoyaona machozi hayo hasira zikampungua. Akakichukua kichupa cha kwanza, ambacho kilikuwa kimekwisha asubuhi ile, akakitazama dhidi ya mwanga wa mlango.

"Chemsha maji," alisema. "Tia chumvi kidogo, ya kuonjea tu. Yakipoa, jaza humu."

"Letisia! Nikaudanganye mkutano?"

"Si wametaka matone? Watapata matone. Hayatamuumiza mtu."

Yoakimu alikubali kwa shingo upande, ila akatafuta njia ya kupunguza watu. Kesho yake alitangaza masharti. Dawa hii, alisema, haishiki uso mchafu. Kila anayeitaka aje amenawa uso kwa maji safi na sabuni, asiye na sabuni anawe kwa jivu, na kila mtu aje na kitambaa chake mwenyewe, siyo watoto wote kufutwa kwa upindo mmoja wa shuka la mama. Maji yalikuwa mbali na sabuni ilikuwa adimu. Alitumaini watakuja watu wachache, wachoke, waache.

Walikuja wote. Walikuja wamenawa mpaka nyuso zinang'aa, wamebeba watoto mgongoni na vitambaa mkononi.

*

Hapo ndipo kioja kilipoanza, maana watu walianza kupona.

Watoto wa Efrazia ndio waliotangulia. Matongo yalikauka, nzi wakawahama. Vikongwe waliokuwa wanatembea wamefunika macho kwa kiganja wakaanza kutembea wima na kuwasema wapita njia. Severine alitangaza kwamba anaweza kuwahesabu mbuzi ng'ambo ya ziwa Basotu, na hakuna aliyethubutu kwenda kuhakikisha. Watu wa vijiji vya jirani walisikia, wakaja na nyuso zao zilizosuguliwa, wakapanga foleni.

Yoakimu alibadilika. Mwanzoni alitilia watu haraka haraka bila kuwatazama usoni. Baadaye alitoa sandukuni shati jeupe aliloolea, akawa anatilia watu dawa kalivaa, kichupa kimeinuliwa juu kama padri. "Fungua jicho. Tazama mlima. Usipepese." Nyumbani alikuwa anachemsha maji yale yale kwenye sufuria ile ile ya chai, lakini hata hivyo Letisia alimsikia siku moja akimwambia Mzee Cornel kwamba kila dawa ina mkono wake.

"Mkono gani, wewe?" Letisia alimuuliza baadaye. "Ni maji ya chumvi!"

"Najua ni maji. Lakini mbona wanapona?"

Letisia hakuendelea kuuliza, maana na yeye alikuwa na furaha yake ya siri. Siku moja akichambua maharage alikiona kijiwe kabla hajakigusa. Kesho yake alitunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Ukungu ulikuwa unarudi nyuma taratibu. Alikuwa akitia matone yake nyuma ya mlango, mara nne kama alivyoagizwa, kisha anakificha kichupa kwenye chungu cha mbegu.

Ndipo akagundua kwamba dawa inapungua haraka kuliko anavyoitumia.

Alikishika kichupa dhidi ya mwanga, akadhani jicho linamdanganya. Alikitia alama ya mkaa pale dawa ilipofikia. Kesho yake dawa ilikuwa chini ya alama, na yeye alikuwa hajaigusa. Tarehe aliyopewa ya kurudi kwa daktari ilikuwa bado mbali, na chini ya kichupa palibaki kidogo sana. Aliona tena ule ukungu, na punda, na kicheko cha watu.

Alikuwa bado amesimama na kichupa mkononi Mzee Hhando alipoingia uani na mkongojo wake. Jicho la kushoto la mzee lilikuwa na mtoto wa jicho tangu zamani, lilikuwa la kuonea kivuli tu. Alikuwa anategemea la kulia, na hilo la kulia leo lilikuwa limevimba, linabubujika machozi, na katikati yake pana doa jeupe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Yuko wapi mwanangu? Nimekuja kumshitaki kwa mkewe!" Mzee alikaa kwa kishindo. "Juzi juzi nilichomwa jicho na masuke ya ngano wakati wa kuvuna. Nikaenda kwa mwanangu, daktari mkubwa wa shati jeupe. Watu wote wanapona kwake. Severine anapona! Mimi niliyemzaa nazidi kuharibika. Nasema ananipa makapi. Dawa nzuri anawapa watu baki."

Yoakimu alikuwa ametokea mlangoni, shati jeupe mwilini, uso umempauka. Letisia alikitazama kichupa, akamtazama mumewe, akaelewa.

"Yoakimu. Umemtilia baba ipi?"

"Letisia, huyu ni baba yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Alikuja akasimama mbele yangu, nikamwamkia, akaitikia. Ningewezaje kumtilia baba yangu maji ya chumvi? Niliona aibu. Nikawa kila asubuhi nachota kidogo kwenye kichupa chako namhifadhia ile ya kweli."

"Na nesi alisema nini kuhusu kidonda?"

Yoakimu alifungua mdomo. Kisha akakumbuka, akakaa palepale kizingitini.

Letisia angeweza kunyamaza. Mzee hakujua lolote, na siri ikitoka kijiji kizima kingewacheka, labda kingewafanyia na baya zaidi ya kucheka. Lakini aliliona lile doa jeupe, akaliona wazi kabisa, na mtu aliyekwisha kukaa karibu na giza hawezi kulitazama likimwingia mwenzake akanyamaza.

"Baba," alisema, "wewe umepewa dawa ya kweli. Wengine wote wamepewa maji. Dawa ya kweli kwenye kidonda ni sumu. Inabidi twende Haydom sasa hivi."

Mzee Hhando aligonga chini kwa mkongojo wake.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyependelewa?"

"Ndiyo, baba."

"Basi msinipendelee tena," alisema mzee, akanyosha mkono ashikwe.

*

Nesi Getruda alimsema Yoakimu mpaka wagonjwa wa wodi ya pili wakatoka nje kusikiliza. Alimsema kwa Kiswahili, kisha kwa Kihaya, ambacho hakuna aliyekijua lakini kila mtu alikielewa. Yoakimu alisimama ameshika kofia, hakuwa na hotuba.

Kidonda kiliwahiwa. Mzee Hhando alilazwa, akapewa dawa nyingine, jicho likafungwa kwa bandeji nene. Lingebaki na kovu, daktari alisema, lakini lingeona. Yoakimu aliposikia hivyo alitoka nje, akajificha nyuma ya mti akalia kama mtoto.

Letisia ndiye aliyebaki wa mwisho. Daktari alimulika, akatazama, akatazama tena, hadi Letisia akaanza kusali Salamu Maria kimoyomoyo.

"Imenyauka," alisema nesi akitafsiri, na uso wake mkali ukalainika. "Mishipa imebaki kama nyuzi tupu, haina damu. Haikufika katikati, mama. Unapewa kichupa kingine, sasa utatia mara mbili, baadaye mara moja, kisha utaacha. Na hiki nitakikabidhi kwako, siyo kwa mheshimiwa." Halafu akamgeukia Yoakimu aliyekuwa anarudi akifuta macho. "Na wewe ukifika kwenu utawaambia watu ukweli. Waambie kilichowaponya ni kunawa. Uso safi na kitambaa cha kila mtu peke yake, basi."

*

Yoakimu aliwaambia. Hapo asinyimwe sifa yake. Aliitisha mkutano, akasimama bila shati jeupe, akasema, "Ndugu zangu, niliwadanganya. Mlikuwa mnapewa maji na chumvi."

Watu walitazamana.

"Sasa mnaona?" Severine aliruka. "Kapata dawa inayoponya vijiji, sasa anataka kutunyima! Kesho mtasikia inatolewa nyumbani kwake tu!"

"Ni maji, Severine! Nachemsha kwenye sufuria ya chai!"

"Maji yangemfanya mtu ahesabu mbuzi ng'ambo ya ziwa?"

Letisia alisimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mkutanoni. "Anasema kweli. Kilichowaponya ni kunawa nyuso."

"Kunawa?" Efrazia alishika kiuno. "Kwani kabla ya hapo tulikuwa hatunawi? Mama Balozi, usitutukane mbele za watu."

"Na baba yake aliyepewa hiyo inayoitwa ya kweli yuko wapi?" mtu akauliza kutoka nyuma. "Amelazwa! Sisi tupeni hii hii ya uongo."

Mzee Cornel alitazama jua. Ng'ombe walikuwa wanalia. "Maneno yametosha. Wanaokubali matone ya balozi yaendelee, kwa masharti yale yale ya kunawa, wanyoshe mikono."

Mikono yote ilipanda. Safari hii Yoakimu peke yake alikuwa amekaa, ameukalia mkono wake. Haikusaidia kitu, akaendelea kuchemsha maji mpaka mvua zikaanza, na kijiji kikaendelea kunawa.

*

Mzee Hhando alirudi na basi, jicho moja limefungwa bandeji, jingine la kuonea vivuli. Wiki ile ile Letisia alikuwa anapanda njia kutoka kisimani, ndoo kichwani. Asubuhi ilikuwa safi, mlima Hanang umesimama wazi bila wingu, na yeye alikuwa anaona kila jani njiani kana kwamba limetoka kuoshwa.

Akamwona baba mkwe wake amesimama njiani na mkongojo wake. Mbele ya mzee alisimama punda wa Severine, blanketi mgongoni, anatafuna.

"Letisia," mzee alikuwa anamkaripia punda, "siku hizi umepona macho umekuwa na kiburi? Unapita hivi hivi, humwamkii mtu?"

Letisia alisimama. Kicheko kilimpanda mpaka ndoo ikatikisika, maji yakamwagika shingoni. Alitazama juu na chini ya njia. Hapakuwa na mtu mwingine. Angengoja kidogo tu Efrazia atokee kisimani, na kabla ng'ombe hawajarudi malishoni kijiji kizima kingekuwa na habari mpya.

Akatua ndoo. Akanyata mpaka nyuma ya punda, akapiga goti kidogo kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, baba," alisema.

"Marahaba, mwanangu," alisema Mzee Hhando, ameridhika, akanyosha mkono akampapasa punda kichwani.